Kilichowapata gorila wa Kahuzi, nasi wa Salamabila tujihadhari

Kati ya mwaka 1870 na 1871, msafiri David Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare akiuguza vidonda vya miguu. Katika daftari lake aliandika habari za mnyama ambaye watu wa hapa walimwita soko, na jinsi alivyowindwa kwa nyavu na mikuki. Aliandika pia juu ya mtoto wa soko, jike, aliyeletwa na mfanyabiashara mmoja baada ya mama yake kuuawa. Mtoto yule alikuwa ananyoosha mkono apate kubebwa, na akikataliwa anakunja uso kama mtoto wa binadamu anayelia kwa uchungu. Livingstone alimdhania gorila. Wataalamu waliofuata wengi wanasema alikuwa sokwemtu. Vyovyote iwavyo, watoto wa namna hiyo bado wanauzwa mashariki mwa Kongo hadi leo, na karibu kila mmoja ana mama aliyekufa nyuma yake, mara nyingi na ndugu zaidi waliouawa wakimtetea.

Ni rahisi kwetu kudhani kwamba habari za gorila ni za watu wa Bukavu na watalii wao. Wao wana gorila, sisi wa Maniema tuna dhahabu ya Namoya, hapa Salamabila. Lakini msitu haujui mipaka ya majimbo. Gorila ninayemzungumzia, yule mkubwa kuliko gorila wote duniani, haishi nchi nyingine yoyote ila Kongo. Makazi yake yanaanzia misitu ya mashariki ya mto Lualaba, upande wa Punia, yanapita Walikale na Shabunda, mpaka milima ya Itombwe isiyo mbali na Kabambare. Hifadhi ya Kahuzi-Biega yenyewe, iliyo karibu na Bukavu, ina sehemu ndani ya Maniema. Kwa hiyo kisa hiki ni cha kwetu, na naomba tukisome kama tunavyosikiliza habari za nyumba ya jirani iliyoungua.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikapanuliwa mwaka 1975 kutoka milimani hadi misitu ya chini, na mwaka 1980 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Gorila walizoeshwa kuona watu, watalii wakaja, fedha zikaingia. Mtu akitazama kutoka mbali angesema kazi imekamilika. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa limeshafanyika, na lilifanywa kwa jina la uhifadhi. Watwa, wenyeji wa msitu ule, walifukuzwa katika miaka ya 1970 bila kupewa ardhi nyingine wala fidia ya maana. Watu waliojua kila njia ya tembo na kila mti wa dawa waligeuzwa wageni, kisha wakaitwa majangili. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu, na damu ikamwagika, ya kwao na ya walinzi. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliotangazwa mwaka 2024, ulisema wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Ninaliweka jambo hili mbele kwa sababu wengi wanaohubiri juu ya wanyama hulikwepa. Msitu ukiwa na adui wengi kuliko marafiki kwenye kingo zake, siku ya shida hakuna atakayeulinda.

Shida ikaja, na haikuja ghafla. Mwaka 1993 dume maarufu aliyeitwa Maheshe aliuawa. Alikuwa amezoea watu kiasi kwamba hakukimbia alipowaona. Hapo vita vilikuwa bado havijafika. Palikuwa na serikali, walinzi na wageni, na bado mtu aliingia na kumuua mnyama aliyejulikana na kila mtu pale. Lilionekana kama tukio la pekee, la kusikitisha, basi. Hakuna aliyesimama kuuliza: kama huyu anayejulikana ameuawa, hao wa misitu ya chini wasiojulikana na yeyote wako katika hali gani?

Mwaka 1994 wakimbizi, mamia ya maelfu, waliingia Kivu kutoka Rwanda, na kambi nyingine zikawa karibu na hifadhi. Watu wale walihitaji kuni na chakula, nani angewalaumu? Kisha ikaja vita ya 1996. Walinzi walinyang'anywa silaha, na bunduki zikajaa mikononi mwa kila kundi. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka hifadhi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Waliotangulia kwisha ni tembo. Sehemu ya milimani ilikuwa na mamia kadhaa, na katika miaka michache karibu wote wakauawa kwa ajili ya pembe.

Hapa ningependa tukae kidogo, maana hii ndiyo dalili iliyopuuzwa kuliko zote. Watu walisema: wanatafuta pembe, gorila hana pembe, atabaki salama. Sisi wa Maniema hasa tungepaswa kuona mbali. Kasongo ilijengwa kwa pembe. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip misafara ilitoka hapa na meno ya tembo mabegani, ikapita Ujiji hadi pwani na Zanzibar, na tembo walipopungua mahali pamoja wawindaji walisogea mbele, wakichukua kila kitu njiani, watu wakiwamo. Mwindaji wa pembe haji peke yake. Anakuja na wabebaji, wapishi na njia mpya msituni, na wote wanakula. Tembo wakiisha, njia zinabaki, bunduki zinabaki, na midomo inabaki. Ndivyo ilivyokuwa Kahuzi. Gorila wa sehemu ya milimani waliokadiriwa kuwa kiasi cha 250 katikati ya miaka ya 1990 walipohesabiwa mwaka 2000 walikuwa 130.

Mwaka huohuo bei ya madini ya koltani ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi michache, kwa kuwa viwanda vya simu na vya michezo ya kompyuta duniani vilikuwa vinaitafuta kwa pupa. Maelfu ya vijana waliingia hifadhini na majembe na sululu. Wengi wao hawakuwa wawindaji. Walikuwa wakulima waliokimbia mashamba yao, wanafunzi walioacha shule, waume waliotafuta mahari au pesa ya hospitali. Kijana wa machimbo anaamka alfajiri, anashuka shimoni, anapanda jioni ana njaa kali. Kambini kuna unga wa muhogo uliobebwa mgongoni siku mbili, na mboga hakuna. Mbuzi haletwi mpaka huko kwa sababu njia ni mbaya na wenye silaha watamkamata njiani. Nyama iliyopo ni ya porini. Mtu mmoja anapewa kazi ya kutega, na chungu cha jioni kinajaa.

Ningekuwa mle kambini, ningekula. Nasema hivi kwa moyo mweupe, na nadhani msomaji naye, akijichunguza, atakiri vivyo hivyo. Watafiti waliozungumza na wachimbaji wa kandokando ya Kahuzi-Biega na Itombwe waliambiwa jambo lilelile: wengi walikula nyama ya porini kwa kukosa nyingine, na wengi walisema wangeiacha kama kungekuwa na mbuzi, samaki au kuku wa bei wanayoiweza. Hatari ya kisa hiki iko hapo. Waliowamaliza gorila wengi wao hawakuwa na chuki nao, na wengi hata hawakuwa wanawatafuta.

Mtego ndio unaotuonyesha hivyo. Unatengenezwa kwa waya, mara nyingi wa breki ya baiskeli au pikipiki, unakunjwa kitanzi na kufungwa kwenye fito iliyopindwa, unafichwa kwa majani kwenye njia ya paa na nguruwe pori. Mtegaji anataka paa. Gorila mdogo akipita akikanyaga pale, au akishika kwa udadisi, fito inafyatuka na waya unambana kifundo. Ana nguvu za kuung'oa mtego, lakini waya unabaki mwilini na kila akivuta unazama. Nyama inaoza, kiganja kinadondoka, na mara nyingi mnyama anakufa kwa kidonda. Dume mmoja wa Kahuzi, Mugaruka, aliponea chupuchupu akiwa mdogo na akaishi miaka yake yote na mkono mmoja. Wageni walimpiga picha na kumhurumia. Lakini mkono ule uliokatika ulikuwa taarifa iliyotembea msituni ikisema kwamba mitego imefika mpaka katikati ya familia za gorila.

Huku kwetu Kasongo na Kabambare tuko Waislamu wengi, na tunajua nyama ya nyani na ya sokwe hatuli. Nimesikia hoja hiyo ikitolewa kama kinga: huku kwetu sokwe hawana shida, maana haliwi. Ndugu zangu, waya hauulizi dini ya aliyeutega. Unanasa unachonasa, na kilichonaswa kikishakufa kitapata mnunuzi, maana kambi ya machimbo ina watu wa kila pembe ya nchi.

Kuna jambo la maumbile pia ambalo lilijulikana mapema na halikutiliwa maanani. Paa akiuawa leo, pengo lake linaweza kuzibika baada ya mwaka mmoja au miwili. Gorila jike huanza kuzaa akiwa na umri wa kama miaka kumi, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha na kumbeba kiasi cha miaka minne kabla ya kupata mwingine. Watoto wengine hufa wadogo. Na dume kiongozi akiuawa, familia husambaratika, na dume mgeni akiwachukua majike huweza kuwaua watoto waliopo. Kwa hiyo kuuawa kwa Maheshe hakukuondoa gorila mmoja tu. Hesabu hii ilikuwa wazi vitabuni tangu zamani, lakini mezani pa wenye madaraka haikufika.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 ilikadiria kwamba gorila hawa, waliokuwa kama 16,900 mwaka 1995, walikuwa wamebaki 3,800. Mwaka huo walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2021 makadirio mapya yalitaja 6,800. Tusidanganyike hapo. Hawakuzaliana maradufu katika miaka mitano. Wahesabuji walifanikiwa kuingia misitu ambayo zamani haikufikika kwa sababu ya usalama, wakawakuta ambao hawakuhesabiwa.

Kosa la namna hii halina rangi wala bara. Wapo wanaosema sisi Wakongo ndio tusiojua kutunza, na neno hilo ni la uongo. Australia wana mnyama anayeitwa koala, mpole, anayekula majani ya mkalitusi, anayezaa mtoto mmoja kwa wakati. Mwanzoni mwa karne iliyopita aliwindwa kwa ajili ya ngozi yake yenye manyoya laini. Katika jimbo la Queensland, walimu, makanisa na magazeti walipiga kelele kwamba anakwisha. Serikali ya jimbo, iliyokuwa ikitaka kura za watu wa vijijini wakati wa ukame, ilifungua msimu wa kuwinda Agosti 1927, na ndani ya mwezi mmoja zaidi ya nusu milioni wakauawa. Baadaye uwindaji ulikatazwa, lakini miti ya chakula chake ikaendelea kukatwa kwa mashamba na nyumba, maradhi yakamwandama, magari na mbwa wakamuua, na moto mkubwa wa 2019 na 2020 ukateketeza misitu yake. Februari 2022 nchi hiyo tajiri, yenye vyuo na sheria na magari ya zimamoto, ikamtangaza rasmi kuwa yuko hatarini kutoweka katika baadhi ya majimbo ya mashariki. Kama wao walionywa na wakapita kando, sisi tusijione tuna kinga.

Pamoja na hayo, Kahuzi haikufa, na waliofanya isife wanastahili kutajwa. Walinzi wa ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi maumbile, waliendelea na doria hata miaka ambayo mishahara haikufika, na wako waliolala makaburini kwa kazi hiyo. John Kahekwa, mtoto wa pale aliyeanza kazi hifadhini mwaka 1983 kama mfuatiliaji wa gorila, alianzisha mwaka 1992 shirika la Pole Pole Foundation. Aliona kwamba jangili mwenye watoto wenye njaa hatasikia mahubiri, akawatafutia kazi ya kuchonga vinyago, akapanda miti ya kuni na kujenga shule. Huko Kasugho, Lubero, kituo cha GRACE kinawalea tangu 2010 gorila yatima waliookolewa mikononi mwa wauzaji. Mwaka 2024 majike wanne waliolelewa hapo walirudishwa porini, katika mlima Tshiaberimu ndani ya Virunga. Mmoja wao anaitwa Lulingu, jina la mahali katika Shabunda. Gorila wa sehemu ya milimani ya Kahuzi, wale 130 wa mwaka 2000, walifika zaidi ya 200 kufikia mwaka 2015. Ni ushahidi kwamba palipo na watu wa kando ya msitu walioshirikishwa, mnyama hurudi, ingawa polepole. Tangu Februari 2025, vita ilipoifikia Bukavu, kazi hiyo imekuwa ngumu tena.

Sasa Salamabila. Dhahabu ya Namoya ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, ikaja kampuni ya SOMINKI, ikaja Banro ya Kanada. Mwaka 2019, baada ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi, kampuni ilisimamisha kazi. Wachimbaji wa mikono wamebaki, na familia nyingi zinawategemea. Siwaambii waache. Ninachoomba ni kwamba tutazame dalili tukiwa na muda, maana kule Kahuzi zilionekana na zikaachwa.

Muulize mwindaji wa kijiji chako analala porini siku ngapi siku hizi, na baba yake alikuwa analala siku ngapi. Ukienda sokoni, tazama nyama iliyobanikwa: kama miaka kumi iliyopita ilikuwa ya nguruwe pori na paa wakubwa na leo ni panya na nyani wadogo, jua wakubwa wameondoka. Waulize akina mama wanaokwenda shambani kando ya msitu kama bado wanasikia kelele za sokwe asubuhi. Tazama kama kuna njia mpya ya kambi ambayo mwaka jana haikuwapo. Hakuna kipimo cha kitaalamu hapo, ni mambo ambayo kila mzee anaweza kuyaona. Tatizo ni kwamba kila mmoja anayaona peke yake na kuyanyamazia.

Na ukiletewa mtoto wa sokwe au wa gorila, usimnunue hata kwa huruma. Najua huruma itakushika, ingenishika na mimi. Ukimlipa mwindaji, umempa sababu ya kurudi kuua mama mwingine. Peleka habari kwa mkuu wa kijiji na kwa watu wa ICCN. Sheria ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014 inakataza biashara hiyo, anayeuza na anayenunua.

Wenye mashimo na wenye fedha za machimbo, mnaoweza kukodi pikipiki kuleta mafuta ya mashine, mnaweza pia kuzikodi kuleta mbuzi, kuku na samaki mpaka kambini. Wekeni jambo hilo katika makubaliano na vijana wenu: chakula cha kambi kinatoka kijijini, na nyaya hazitegwi. Fedha hiyo itabaki kwa wafugaji na wavuvi wa hapa hapa, wake zetu na kaka zetu. Maimamu na wachungaji, mna masikio ya watu kila Ijumaa na kila Jumapili, litajeni jambo hili.

Machifu na wazee wa Kabambare na Kasongo, kwenu nina ombi moja kubwa zaidi. Tangu Agosti 2014 nchi yetu ina amri inayoruhusu jamii kupewa msitu wake wa mila, hadi hekta 50,000, na kuupangia matumizi yake wenyewe: wapi palimwe, wapi paachwe kwa wanyama. Wenzetu wa Walikale wameshaanza kupata misitu ya namna hiyo. Hiyo ni njia ya kulinda bila kufukuza mtu, tofauti na walivyofanyiwa Watwa wa Kahuzi. Kaeni, choreni mipaka pamoja na majirani mkiwaita wawindaji na wachimbaji kikaoni, kisha andikeni ombi. Hupelekwa kwa gavana wa jimbo, Kindu.